Wikendi ya Kikundi Kilkenny: Mwongozo kwa Wasafiri wa Moshi na Arusha

Watu wa Moshi hatuhitaji kufundishwa kuunda kamati. Harusi, kipaimara, mahafali, hata maziko, kila shughuli ina mwenyekiti wake, mweka hazina wake, daftari la ahadi na kundi la WhatsApp lisilolala. Kwa hiyo kijana wetu alipotangaza kwamba angefunga ndoa Dublin, mji mkuu wa Ayalandi, siku ya Alhamisi, nasi watu 12 wa ukoo na marafiki tukakubaliana kurudi KIA, uwanja wetu wa ndege wa Kilimanjaro, kwa ndege ya Jumatatu, siku tatu za katikati tuliziona kuwa jambo dogo la kuamuliwa huko huko. Kumbe ndizo zilizotutoa jasho kuliko harusi yenyewe, kwa sababu harusi ilikuwa na kamati na siku hizo hazikuwa na mwenyewe.

Mwongozo huu unavilenga vikundi vinavyofanana na chetu, yaani watu wanaokwenda Ayalandi kwa harusi, mahafali, ziara ya kwaya au kumwona mtoto anayesoma huko, kisha wakabakiwa na wikendi moja ambayo wangependa kuiona nchi. Hakuna atakayepanda ndege KIA kwa ajili ya Jumamosi na Jumapili peke yake, kwani nauli na mwendo havilingani na siku mbili. Lakini mkishafika, wikendi iliyopangwa mkiwa bado Moshi inaweza kuwaonyesha mambo ambayo wiki nzima ya kuzungukazunguka haitawaonyesha.

Mji gani

Kabla ya kutazama picha za ngome, jueni kwamba kisiwa cha Ayalandi kina nchi mbili. Sehemu kubwa ni Jamhuri ya Ayalandi, inayotumia euro, na pembe ya kaskazini ni sehemu ya Uingereza, inayotumia pauni. Miji kama Derry, ambao kuta zake za mawe za karne ya 17 bado zinauzunguka mji wa kale, na Armagh, iko upande huo wa kaskazini. Abiria wa basi la kutoka Dublin kwenda Belfast hakuti kizuizi wala dirisha la kugonga muhuri kama lililoko Holili au Namanga, na anaweza kuvuka mpaka huku amesinzia. Hata hivyo, Mtanzania mwenye viza ya Ayalandi peke yake hana ruhusa ya kuingia upande wa Uingereza, na ukimya wa barabara usiwafanye mdhani kwamba ruhusa ipo. Kwa kikundi kilichoomba viza moja, miji hiyo iondolewe kwenye orodha mapema ili isije ikarudi kama hoja siku ya mwisho.

Katika Jamhuri kuna miji mingi ya kale yenye kufaa. Waterford ulianzishwa na Waviking mwaka 914 na unahesabiwa kuwa mji mkongwe kuliko yote nchini humo. Limerick una ngome ya Mfalme John kando ya mto Shannon. Galway, ulioko magharibi, ulikuwa bandari iliyofanya biashara na Hispania. Sisi tulichagua Kilkenny, na sababu kubwa ilikuwa miguu. Mama mkubwa wetu wa Marangu alikuwa na miaka 71, na mtoto mdogo kuliko wote alikuwa na miaka sita. Katika mji ambao ngome iko mwanzo wa barabara na kanisa kuu liko mwisho wake, mwendo wa takriban kilomita moja, kikundi hakihitaji teksi nne wala mabishano kuhusu nani apande na nani. Aliyechoka hurudi kulala, na mwenye nguvu huendelea. Kwa kikundi chenye rika tofauti, nawashauri mpime kila mji kwa kipimo hicho kwanza, na umaarufu wake ufuate baadaye.

Kamati ya watu watatu

Kosa letu la awali lilikuwa kuliachia kundi zima la watu 12 liamue. Kila jambo lilipigiwa kura, kura zikakosa mshindi, na wiki mbili zikapita kwa kujadili kama tulale hotelini au tukodi nyumba. Baadaye tukateua watatu, wakapewa mamlaka kamili: mmoja wa fedha, mmoja wa usafiri na malazi, na mmoja wa ratiba na chakula. Wengine walibaki na haki ya kuuliza, lakini hawakuwa na haki ya kufungua upya jambo lililoamuliwa. Ni vyema mmoja wa hao watatu awe mtu anayeishi huko, kwa kuwa ndiye atakayepiga simu kwa saa za huko na kulipa malipo ya awali kwa kadi ya benki ya huko.

Mweka hazina ana kazi ngumu, na hapa desturi zetu za michango zinaweza kusaidia au kuharibu. Kwenye harusi, ahadi huandikwa na fedha hufuata, wakati mwingine baada ya keki kukatwa. Safari haiwezi kuendeshwa hivyo, kwa sababu nyumba ya wageni na treni hulipiwa kabla. Tuliweka utaratibu kwamba jina la mtu haliingii kwenye orodha ya malazi mpaka nusu ya mchango wake iwe imepokelewa, na kwamba bajeti iandikwe kwa euro, huku kila mtu akilipa shilingi kwa bei ya ubadilishaji ya siku anayolipa, pamoja na asilimia kumi ya akiba. Mtu aliyelipa mapema na mtu aliyelipa wiki ya mwisho wanaweza kutoa shilingi tofauti kwa euro zile zile, na ni afadhali jambo hilo lielezwe waziwazi mwanzoni kuliko kuwa manung'uniko baadaye.

Mfuko wa pamoja ulipie vitu vinne tu: malazi, usafiri wa kwenda na kurudi, viingilio vya sehemu mlizokubaliana kuzitembelea pamoja, na mlo mmoja mkubwa wa Jumamosi jioni. Vinywaji, zawadi na chakula kingine kila mtu ajilipie. Tahadhari ni kwamba malipo ya simu tuliyoyazoea hapa hayatawasaidia madukani kule. Watu hulipa kwa kadi karibu kila mahali. Mwenye kadi ya benki ya hapa aiarifu benki yake kabla ya kuondoka, na awe na euro kiasi mfukoni alizobadilisha mapema.

Viza

Hakuna viza ya kikundi. Kila mmoja, pamoja na mtoto, ana ombi lake, linalojazwa kwenye mtandao wa idara ya uhamiaji ya Ayalandi, kisha muhtasari wake huchapishwa, hutiwa saini na kuwasilishwa pamoja na pasipoti na vielelezo mahali panapoelekezwa kwenye muhtasari huo. Mnaweza kuomba kuanzia miezi mitatu kabla ya tarehe ya safari, nanyi msichelewe, kwa maana majibu huchukua wiki kadhaa. Ada ya viza ya kuingia mara moja imekuwa euro 60 kwa mtu mzima, na hairudishwi ombi likikataliwa; thibitisheni kiwango siku mnayoomba.

Ayalandi haimo katika mpango wa Schengen. Aliyewahi kupewa viza ya Ujerumani au Ufaransa asidhani itamfikisha Dublin. Na kwa kuwa hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka KIA hadi Dublin, mtabadilisha ndege mahali fulani, labda Amsterdam, Doha au Addis Ababa. Ulizeni masharti ya kupita kwa pasipoti ya Tanzania kabla ya kulipia, hasa tiketi nafuu ikiwapitisha London, ambako kubadilisha ndege tu kunaweza kudai kibali chake.

Vielelezo vyenu viseme hadithi moja. Barua ya mwaliko ya maharusi, barua ya mwajiri, taarifa ya benki na mpango wa wikendi vitaje tarehe zile zile, na wikendi ya Kilkenny iandikwe kwenye maombi badala ya kufichwa kama nyongeza. Hati zilizoandikwa kwa Kiswahili, kama vile barua ya serikali ya mtaa au ya biashara, zitafsiriwe kwa Kiingereza na mtafsiri anayetambulika. Idara yenyewe hushauri watu wasinunue tiketi kabla ya kupata jibu. Sisi tuliweka nafasi za malazi zinazoweza kufutwa bila faini, tukalipa ndege baada ya pasipoti kurudi. Mwenzetu mmoja alikataliwa kwa sababu taarifa yake ya benki ilikuwa na fedha nyingi zilizoingia wiki moja kabla bila maelezo. Kama mna michango ya ukoo inayopitia akaunti ya mtu mmoja, elezeni kwa barua, kwa sababu afisa asiyejua desturi ya michango ataona fedha za kuazima.

Tarehe na malazi

Kilkenny ni mji mdogo ambao Waayalandi wenyewe huupenda kwa sherehe za kuaga ukapera, mithili ya kicheni pati zetu ila zinazosafiri na mizigo. Kwa sababu hiyo bei za Ijumaa na Jumamosi hupanda, malazi mengi hudai usiku mbili kwa pamoja, na baadhi ya wenye nyumba huwauliza wateja wa makundi makubwa maswali mengi kabla ya kuwakubali. Mkisema mapema kwamba ninyi ni familia yenye bibi na watoto, mazungumzo hulegea.

Epukeni wikendi zenye Jumatatu ya mapumziko ya taifa, kama zile za mwanzoni mwa Mei, Juni na Agosti na ya mwishoni mwa Oktoba. Ile ya Juni huwa na tamasha la vichekesho, ya Oktoba huwa na tamasha la chakula, na katikati ya Agosti kuna tamasha kubwa la sanaa. Ni nyakati nzuri kwa mtu mmoja mwenye rafiki wa kumlaza, lakini kwa watu 12 ni mateso. Fikirieni pia mwanga. Mwishoni mwa Juni jua huzama karibu saa nne usiku, na mtu anaweza kutembea mjini baada ya chakula cha jioni kama vile ni alasiri. Mwezi Desemba, wakati wengi wetu tungependa kuwa nyumbani Kilimanjaro hata hivyo, jua huzama saa kumi na dakika chache jioni, na ratiba nzima hubana.

Kwa kikundi cha zaidi ya watu wanane, nyumba ya kukodi yenye jiko ni nafuu kuliko vyumba sita vya hoteli, nayo huwapa mahali pa kukaa pamoja usiku, jambo ambalo kwetu ni nusu ya safari. Ulizeni kama vitanda vinavyotajwa ni vitanda kweli au ni makochi yanayokunjuliwa. Jambo moja dogo la kufurahisha ni kwamba soketi za umeme za Ayalandi ni za matundu matatu ya mstatili kama zetu, kwa hiyo chaja zenu zitaingia bila kifaa cha kubadilisha.

Usafiri, na habari ya saa

Kutoka Dublin treni huondokea kituo cha Heuston na kufika Kilkenny kwa takriban saa moja na nusu, ikiendelea hadi Waterford. Kituo cha Kilkenny kinaitwa MacDonagh, kwa kumbukumbu ya Thomas MacDonagh, mwalimu na mshairi aliyewahi kufundisha mjini humo na ambaye alipigwa risasi mwaka 1916 kwa kushiriki uasi dhidi ya utawala wa Uingereza. Nunueni tiketi mtandaoni mapema, kwa kuwa huwa nafuu kuliko za dirishani, na chagueni viti vya behewa moja. Treni za Ijumaa jioni hujaa wanafunzi na wafanyakazi wanaorudi makwao, hivyo ondokeni asubuhi au mchana. Jumapili treni ni chache, na ya kurudi ichaguliwe kabla ya kitu kingine chochote cha siku hiyo.

Mkipenda kukodi gari, wao huendesha upande wa kushoto kama sisi, jambo linalowapa madereva wetu moyo. Leseni ya kawaida huruhusu abiria wanane mbali na dereva, kwa hiyo watu 12 watahitaji magari mawili. Barabara ya M50 inayoizunguka Dublin hutozwa ushuru bila kizuizi chochote. Kamera hupiga picha ya namba, na mnatakiwa kulipa kabla ya saa mbili usiku wa siku inayofuata. Mgeni asiyejua huondoka akidhani barabara ilikuwa ya bure, kisha faini humfuata kupitia kampuni ya magari.

Sasa habari ya saa, ambayo haimo katika kitabu chochote cha watalii. Kijana wetu mwenye kuishi Dublin aliandika kwenye kundi, "Treni Ijumaa saa 10, Heuston." Yeye, kwa kukaa huko muda mrefu, alimaanisha saa nne asubuhi. Shemeji na mjomba, watu wa Kiswahili safi, walielewa saa kumi jioni, wakaenda taratibu kununua zawadi. Treni iliondoka na watu kumi. Tiketi zao mbili zilipotea, wakanunua nyingine kwa bei ya dirishani, na mjadala kuhusu nani alikosea unaendelea mpaka leo kila tukikutana. Tangu siku hiyo tunaandika saa zote za safari kwa tarakimu nne, yaani 10:10 au 16:10, na chini yake tunaandika kwa maneno, "saa nne na dakika kumi asubuhi". Kumbukeni pia kwamba Ayalandi iko nyuma ya Tanzania kwa saa mbili wakati wa kiangazi chao na saa tatu wakati wa baridi, kwa hiyo simu za kuwasalimia wazee nyumbani zipigwe mapema.

Jumamosi mjini

Kutoka kituoni mnateremka kwa miguu hadi daraja la mto Nore, na kutoka darajani mnaiona ngome juu ya maji. Hapo ndipo pa kupigia picha ya kikundi, na pigeni mara mnapofika, kwa sababu mvua haina ahadi.

Jumamosi tuanze na ngome yenyewe, mara inapofunguliwa, kabla ya mabasi ya watalii kutoka Dublin. William Marshal, mmoja wa mabwana wakubwa wa Kinormani, aliijenga kwa mawe mwanzoni mwa karne ya 13 ikiwa na minara minne. Leo imebaki mitatu, na upande mmoja uko wazi, tangu majeshi ya Oliver Cromwell, jemadari wa Uingereza, yalipouzingira na kuuteka mji mwaka 1650. Ukoo wa Butler uliinunua mwaka 1391 ukaishi humo hadi 1935, yaani zaidi ya miaka 500 katika nyumba moja, kisha mwaka 1967 ukaikabidhi kwa kamati ya wenyeji kwa pauni 50. Wachagga, ambao tunajua maana ya kihamba, yaani shamba la ukoo lisilouzwa, tulisimama kwa muda mrefu mbele ya habari hiyo. Ukumbi mrefu wa picha, wenye dari la mbao lililopakwa rangi, ndio unaostahili muda wenu; vyumba vya kulala mnaweza kuvipita haraka. Bustani kubwa nyuma ya ngome haina kiingilio, nayo ilitusaidia kwa sababu mtoto wa miaka sita alikuwa amekwisha kuchoshwa na mababu wa ukoo wa Butler.

Kutoka lango la ngome, barabara kuu inapanda kuelekea kaskazini. Kando yake kuna vichochoro vya kale, na Butter Slip, ambako zamani iliuzwa siagi, kitamkumbusha Unguja mtu yeyote aliyewahi kupotea Mji Mkongwe. Jengo lenye saa ni Tholsel la mwaka 1761, ambalo ni ukumbi wa mji hadi leo. Mbele kidogo kuna Rothe House, nyumba ya mfanyabiashara John Rothe iliyojengwa kati ya 1594 na 1610. Ukiingia unagundua kuwa ni nyumba tatu zilizopangwa moja nyuma ya nyingine, kila moja na ua wake, na mwisho kuna bustani. Inasemekana alijenga kadiri familia yake ilivyoongezeka, na mama mkubwa akasema huyo angeweza kuwa mtu wa Machame.

Tenga nusu saa ya kusimulia kisa cha Alice Kyteler, na msimuliaji awe mtu mmoja aliyejiandaa, wengine wasikatize. Bibi huyo tajiri, mkopeshaji wa fedha aliyeolewa mara nne, alishtakiwa na askofu mwaka 1324 kwa uchawi na kwa kuwaua waume zake. Alikuwa na jamaa wenye nguvu, akatoroka. Mtumishi wake, Petronilla de Meath, alichapwa viboko mpaka akakiri, akachomwa moto hadharani tarehe 3 Novemba 1324. Baa inayobeba jina la Kyteler ipo hadi leo na watalii hupigia picha mlangoni wakicheka. Sisi tunaotoka katika nchi ambayo vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu hatukuona la kuchekesha, na mazungumzo yaliyofuata, watu wazima na vijana pamoja, yalikuwa ya maana kuliko yote tuliyoyafanya safarini.

Karibu na hapo ni mabaki ya abasia ya Wafransisko. Mmoja wa ndugu wa nyumba hiyo, John Clyn, aliandika habari za tauni iliyoikumba Kilkenny mwaka 1348 na 1349, akaacha ngozi tupu za kuandikia mwishoni mwa kitabu ili, kama binadamu yeyote angesalimika, aiendeleze kazi hiyo. Maandishi yake yanakoma hapo. Katika eneo hilo hilo ukoo wa Smithwick ulianza kupika bia mwaka 1710, na kiwanda kiliendelea hadi kilipofungwa mwaka 2013 na kazi kuhamia Dublin. Sasa wageni huonyeshwa historia yake na kuonja. Wazee wetu walionja, wakatoa hukumu kwa kulinganisha na mbege, na hukumu hiyo siiandiki.

Jambo la mwisho la Jumamosi ni mchezo. Mwaka 1366 bunge lililoketi Kilkenny lilipitisha sheria za kuwazuia walowezi wa Kiingereza kuoana na Waayalandi, kutumia lugha yao na kucheza mchezo wao wa fimbo na mpira mdogo, unaoitwa hurling. Leo kaunti ya Kilkenny imeutwaa ubingwa wa taifa wa mchezo huo zaidi ya mara 30, na hakuna kaunti iliyoupata mara nyingi zaidi. Mkikuta mechi katika uwanja wa Nowlan Park, badilisheni ratiba mwende. Vaeni kitu cheusi na cha rangi ya kaharabu, ndizo rangi zao, na mtapata marafiki kabla ya kufika kwenye viti.

Kula

Meza ya watu 12 Jumamosi jioni haipatikani kwa kupita mlangoni. Wekeni nafasi wiki tatu au nne kabla, ombeni orodha ya vyakula itumwe ili kila mtu achague akiwa bado nyumbani, na chagueni saa kumi na mbili jioni, kwa kuwa majiko mengi hufungwa mapema kuliko mnavyotarajia. Semeni waziwazi nani hali nguruwe. Kifungua kinywa cha Kiayalandi hujaa nyama ya nguruwe, na soseji nyeusi iliyomo hutengenezwa kwa damu. Waliozoea kisusio hawakushtuka, lakini Wasabato na Waislamu wawe wamejulishwa. Angalieni kama gharama ya huduma imekwisha kuwekwa kwenye hesabu. Kama haimo, asilimia kumi inatosha.

Jumapili

Wakatoliki wanaweza kusali Black Abbey, kanisa la Wadominiko lililoanzishwa mwaka 1225 na ambalo bado lina watawa. Dirisha lake kubwa la vioo vya rangi, la mwaka 1892, linaonyesha mafumbo ya Rozari, na asubuhi yenye jua ni darasa tosha kwa watoto wa kipaimara. Wenzetu wa KKKT walikwenda kwa Waanglikana katika kanisa kuu la Mtakatifu Canice, lililojengwa karne ya 13. Msishangae mkisalimiwa kwa uchangamfu mkitaja Kilimanjaro. Baadhi ya mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu waliofanya kazi kwetu walikuwa Waayalandi, na Joseph Byrne, askofu wa Moshi hadi mwaka 1959, alikuwa mmoja wao. Mzee mmoja alituuliza habari za Kibosho kama mtu anayeulizia jirani.

Baada ya ibada, kanisa la Canice hufunguliwa kwa watalii. Kando yake uko mnara wa mviringo wenye urefu wa takriban mita 30, mkongwe kuliko kanisa lenyewe, na ngazi zake za ndani ni za mbao, nyembamba, zenye mwinuko mkali. Mwenye shinikizo la damu, magoti mabovu au hofu ya kubanwa asipande. Gaweni kikundi: wapandaji waende kwa zamu na mtu mzima mmoja mbele, wengine wabaki kanisani wakitazama makaburi ya ukoo wa Butler, yaliyochongwa sanamu za wafu wakiwa wamelala na mavazi yao ya vita. Kila mtu awe na koti la mvua lenye kofia, kwa kuwa upepo wa huko juu hugeuza mwavuli.

Mizigo iachwe imefungwa tangu asubuhi, na mkutane kituoni nusu saa kabla ya treni. Hesabu zifungwe ndani ya behewa, wakati kila mtu yupo na risiti bado ziko mfukoni: mweka hazina asome mapato, matumizi na salio kwa sauti, mtu mwingine apige picha ya daftari na kuiweka kwenye kundi. Sisi tulibakiwa na euro 43. Shemeji alipendekeza zifidie tiketi mbili zilizopotea Heuston, hoja ikapigiwa kura, ikashindwa, na fedha zikanunua chai na keki za watu 12 Dublin.